Kipima Pumzi cha Kwa Mulandi

Kufuli la stoo ya vielelezo lilikuwa limefungwa vizuri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Mutheu tangu alipokanyaga mlangoni. Mwizi wa kawaida huvunja, na akishavunja hutimua mbio. Huyu aliingia, akachukua alichokitaka, akafunga mlango nyuma yake kwa adabu zote, utadhani ametumwa na mama yake chumvi jikoni.

"Ilikuwa hapa," alisema Githinji, mkuu wa kituo cha polisi cha Kwa Mulandi, akigonga rafu kwa kidole. "Kwa hiki kisanduku. Jana asubuhi nimeiona na macho yangu."

Mutheu alivaa glavu, akakifungua kisanduku. Ndani mlikuwa na sponji nyeusi iliyokatwa kwa umbo la mashine, na mashine yenyewe haikuwepo. Waya wa kuchajia ulikuwepo. Lebo ya mahakama ilikuwepo pia, imekatwa uzi wake kwa makasi na kulazwa kando taratibu. Gunia la bangi halikuguswa, na karai lililojaa simu za wizi halikuguswa.

"Mwizi gani anaacha simu anabeba alkoblo, mashine ya kupima walevi?" aliuliza Sajini Gatimu, aliyekuwa akinyunyiza unga wa alama za vidole kwenye kitasa.

"Mwizi mwenye kesi," Githinji akamjibu. "Na tuko naye kwa seli. Mimi sikuwa hata nimewaita nyinyi watu wa upelelezi. Ni prosekyuta aliwaita."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi, na bila kuijua wizi huu ni mchezo wa watoto. Kitheka, dereva wa pikapu ya maembe kutoka Matuu, alisimamishwa asubuhi moja kwenye kizuizi cha polisi hapo Kwa Mulandi. Akaambiwa apulize. Akapuliza, na kipima pumzi kikasoma kwamba amelewa. Kitheka aliapa kwamba hajaonja pombe tangu abatizwe, lakini hakimu aliamini mashine, maana mashine haina shemeji wala jirani. Faini ikaishinda familia, Kitheka akaenda jela.

Wakili wake, Njambi, alikata rufaa Mahakama Kuu ya Machakos. Alishikilia kwamba mashine ilikuwa mbovu. Jaji akaamuru mashine ileile iletwe mahakamani, ichunguzwe na mtaalamu wa vipimo mbele ya watu wote. Siku iliyopangwa ilikuwa kesho.

"Ikikosekana kesho, nani anafaidika?" Githinji aliuliza, na kujijibu mwenyewe. "Mfungwa. Jaji atasema serikali imepoteza ushahidi, mtu aende nyumbani. Na jana mke wa mfungwa alikuwa hapa. Konstebo wangu amemwona kwa korido. Sasa unatafuta nini tena?"

"Natafuta vile alifungua kufuli," Mutheu alisema.

"Aliiba ufunguo."

"Na akaurudisha?"

Mutheu aliijua hatari ya kumshitaki mke huyo kuliko Githinji mwenyewe. Mke wa mrufani akifikishwa mbele ya jaji kesho kwa kuiba ushahidi, rufaa ya mumewe itakuwa imezikwa kabla haijasikizwa. Watoto wao watakuwa na baba jela na mama rumande. Kama mama huyo ni mwizi, ni sawa, ameyataka. Kama si mwizi, basi Mungu atusamehe sote tulioajiriwa kulinda watu.

"Nifungulieni seli," akasema.

*

Wanza alikuwa amekaa sakafuni, leso ya kichwani ameikunja na kuikalia. Alipomwona mwanamke mwenzake ameingia hakunyanyuka. Alikuwa amechoka, tena ana hasira.

"Wewe ni mke wa Kitheka?"

"Ni mimi."

"Jana ulikuja kufanya nini hapa?"

"Kuuliza pikapu. Iko hapo nje inaoza na sisi tunalala njaa. Kila wiki nakuja, kila wiki wananiambia rudi."

"Ulionekana kwenye korido ya stoo."

"Nilikuwa natafuta choo, mwaitu, mama yangu. Ama choo cha polisi nacho kiko na kesi?"

Gatimu, aliyekuwa mlangoni, aliinamisha uso akaangalia viatu vyake. Mutheu hakucheka.

"Ulijua ile mashine iko hapa?"

"Nilijua. Wakili alituambia."

"Ukataka ipotee."

Wanza alimtazama kwa muda, kwa namna mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali la kipumbavu.

"Ipotee niende wapi? Mimi nimengoja hiyo kesho kama Krismasi. Nilitaka hiyo kitu iwekwe mezani, huyo mtaalamu aifungue, watu wote wa Machakos waone vile imeharibika. Bwana yangu hanywi. Sasa ikipotea, hata akitoka, si watasema alitoka kwa sababu bibi yake ni mwizi? Atakanyaga kanisa na uso gani?"

"Watoto umewaacha na nani?"

"Na jirani. Alidhani narudi jioni. Mimi sijalala. Mtu mmoja tu hapa ndani ameniuliza kama nimekula. Yule dada wa trafiki. Aliniletea chai asubuhi."

"Dada gani?"

"Nduku. Yule alimshika Kitheka. Nilitaka kuimwaga hiyo chai, lakini nilikuwa na njaa."

Mutheu alitoka huku neno hilo limemkwama rohoni. Hakulifanyia kazi bado. Alimpigia simu Njambi, na wakili akamjibu kwa ukali uliokuwa halali yake.

"Inspekta, mimi ndiye niliyeomba hiyo mashine iletwe. Nimepigana na prosekyuta miezi mingapi ili iletwe. Unafikiri nimemtuma mteja wangu akaiibe? Kama kuna mtu anaogopa hiyo mashine, mtafute kati ya hao wenye magwanda."

Alisema kweli, au ilionekana ni kweli. Mutheu alirudi ofisini kwa Githinji na kuufunga mlango.

"Ufunguo wa stoo unakaa wapi, afande?"

"Mmoja niko nao. Mwingine unakaa kwa dawati la ripoti."

"Kwenye droo iliyofungwa?"

"Kwenye msumari."

"Kwa hivyo polisi yeyote anaweza kuuchukua."

"Unataka kusema polisi wangu ni wezi?"

"Nasema polisi wako wako karibu na msumari."

Githinji alikuwa mtu mnene wa taratibu, na hasira ilimpanda taratibu vilevile. Mutheu hakumpa nafasi ya kuimaliza.

"Nikwambie vile naona. Mashine ni mbovu, na kesho ingejulikana ni mbovu. Kesi zote za ulevi ulizopeleka kortini zingerudi mlangoni kwako. Kuna madereva wamefungwa, wengine wamefutwa kazi. Nani anapoteza zaidi yako?"

Alitarajia mzee wa watu aruke juu. Badala yake Githinji aliegemea kiti, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hapo umepotea njia, madam. Huyo wakili alipokata rufaa, kabla jaji hajatoa amri yoyote, niliipeleka Nairobi kwa mafundi wa vipimo. Walipima, wakarudia. Hiyo mashine ni nzima kabisa. Haina hata mkwaruzo. Mimi nilikuwa naomba kesho ifike nimwone huyo wakili akikunja mafaili yake."

"Nani mwingine anajua ni nzima?"

"Wote. Niliwaambia paredi juzi. Niliwaambia, watu wangu msiwe na wasiwasi, mashine ni nzima, hii maneno ya Kitheka tunaimaliza."

Mutheu aliyapanga kichwani. Mshukiwa aliyeamini kwamba mashine ni mbovu, yaani Wanza, alitaka ionekane. Mshukiwa aliyejua kwamba mashine ni nzima, yaani Githinji, naye alitaka ionekane. Kila mtu alikuwa na haja na mashine hiyo mahakamani, na bado mtu ameiondoa.

"Afande," alisema mwishowe, "ni polisi gani hapa anataka Kitheka atoke jela?"

Githinji aliudhika. "Hakuna."

"Yuko. Na ameficha mashine nzima ili isimzike."

"Lakini kama mashine ni nzima, si Kitheka alikuwa mlevi?"

"Hilo ndilo naenda kuangalia barabarani."

*

Kizuizi cha Kwa Mulandi kilikuwa kwenye mteremko, vyuma vya miiba vimelazwa kulia na kushoto. Siku hiyo ilikuwa ya soko, na foleni ya malori na probox ilipanda hadi kwenye kona. Koplo Nduku alisimama upande wa magari yatokayo Matuu. Konstebo Titus alikuwa upande wa pili, karibu na mahali Gatimu alipoegesha gari. Kila mmoja alikuwa na mashine yake, aina moja na ile iliyoibwa.

Mutheu alienda kwa Titus. Kijana alikaza mwili, akapiga saluti.

"Endelea na kazi. Nataka tu kuona mnavyofanya."

Titus alisimamisha lori la mchanga. Dereva akatoa kichwa, akapuliza, mashine ikanyamaza, akaruhusiwa. Titus akachomoa kile kibomba cheupe cha plastiki cha kupulizia, akachukua chupa kutoka mfukoni, akamimina matone kwenye kitambaa, akakipangusa kibomba nje na ndani, akakirudisha kwenye mashine. Alifanya hayo haraka, bila kufikiri.

"Hiyo ni nini?"

"Sanitaiza, madam."

"Si kila dereva anapaswa kupewa kibomba chake kipya?"

"Ndiyo sheria. Lakini tunaletewa vichache. Ukifuata sheria, asubuhi bado ni mbichi vimeisha, na magari yako hapo." Titus alipunguza sauti. "Na tangu korona watu wakawa wagumu. Mtu anakwambia siwezi kuweka mdomo mahali mwingine ameweka, nitapata TB. Kweli yao. Koplo Nduku ndiye akasema tuwe tunapangusa. Yeye ni mtu wa usafi sana."

"Mkishapangusa mnangoja?"

"Tungoje nini?"

"Ikauke."

Titus aliitazama foleni, akamtazama inspekta. "Na hii yote, madam?"

"Ikishika mtu, mnampima mara ya pili baada ya muda?"

"Ikishika imeshika. Ya pili ni ya nini?"

Mutheu alinyoosha mkono. "Pangusa hivyo hivyo, kisha unipulizishe mimi."

Hakuwa ameonja kitu siku hiyo ila chai, na maishani mwake hakuwa mtu wa pombe, tukiacha ile kaluvu ya asali aliyoionja akiwa msichana kwenye harusi ya shangazi yake, ambayo walimchapia. Titus alipangusa, akamwelekezea mashine. Mutheu akavuta pumzi, akapuliza mpaka mwisho.

Mashine ilifikiri kidogo. Kisha ikawaka nyekundu na kulia.

Titus alianza kucheka. Alipouona uso wa inspekta akaacha.

"Madam... umekunywa?"

"Lete maji safi. Gatimu, ile chupa yangu ya maji kwenye gari."

Walikiosha kibomba, wakakikung'uta, wakakiacha juani juu ya boneti ya gari. Walisubiri, na madereva kwenye foleni wakaanza kupiga honi na kuuliza serikali imelala wapi. Kisha Mutheu akapuliza tena. Mashine ikasoma sufuri.

Titus alikuwa ameishika ile chupa ya sanitaiza mbali na mwili wake, na macho yake yalikuwa yanahesabu madereva aliowashika.

"Hii kitu ni spiriti," Mutheu alimwambia. "Umekuwa ukiwapulizisha watu spiriti yako mwenyewe, halafu unawashika kwa kulewa. Mashine haikukosea hata mara moja. Ilikuwa inasoma ilichopewa."

"Mimi sikujua, madam. Haki ya Mungu sikujua."

"Naona hukujua. Bado unapangusa." Mutheu aligeuka akatazama ng'ambo ya barabara. "Mwenzako je? Ile ni chai anakunywa?"

Koplo Nduku alikuwa ameinama kando ya barabara. Alimimina kitu chenye mvuke kutoka kwenye thamosi hadi kwenye kikombe, akatumbukiza kibomba, akakichezesha, akakitoa na kukikausha kwa kitambaa cheupe. Kisha akakipeperusha hewani kwa muda mrefu kabla ya kukirudisha kwenye mashine.

"Hapana, hiyo ni maji ya moto," Titus alisema. "Siku hizi haguzi sanitaiza. Alisema inamchubua mikono."

"Tangu lini?"

Titus alifikiri. "Kama tangu kesi ya Kitheka ilipoisha. Hapo kidogo."

"Aliwaambia na nyinyi muache?"

"Hapana. Alisema tu ni mikono yake."

Mutheu aliendelea kumtazama Nduku akikipeperusha kibomba chake, na akashikwa na hasira iliyochanganyika na huruma, jambo ambalo hulichukia kazini. Alivuka barabara.

"Koplo, mwachie Titus barabara. Twende kituoni."

Nduku hakuuliza kwa nini.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza na viti, na dirisha lililotazama uani, ambapo pikapu ya Kitheka ilikuwa imesimama na magurudumu yameisha upepo. Nduku aliketi akilipa dirisha mgongo. Alikuwa mwanamke wa makamo, gwanda limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, kola nyeupe pe. Gatimu alikaa kando kuandika.

"Nionyeshe mikono yako," Mutheu alisema.

Nduku aliiweka mezani.

"Igeuze."

Akaigeuza. Viganja vilikuwa laini, safi, bila alama.

"Sanitaiza ilikuchubua wapi?"

Nduku aliirudisha mikono mapajani.

"Umefanya trafiki muda gani?"

"Mrefu, madam."

"Mahakamani wewe ndiye ulitoa ushahidi dhidi ya Kitheka."

"Ni mimi."

"Ulisema nini juu ya kibomba?"

"Nilisema nilifuata utaratibu."

"Kilikuwa kipya?"

"Hakikuwa kipya."

"Ulimngojea? Ulimpima mara ya pili?"

"Hapana."

"Na uliapa kwa Biblia."

Nduku aliinua macho mara moja, akayashusha.

"Nimepuliza kule barabarani," Mutheu aliendelea. "Kwa sanitaiza nimelewa. Kwa maji mimi ni mzima. Wewe hilo ulilijua kabla yangu, ndiyo maana ukabadilisha ukaleta thamosi. Ukawaacha Titus na wenzake waendelee, maana ukiwaambia waache watauliza sababu. Ni hivyo?"

"Madam, naomba maji ya kunywa."

"Utakunywa. Stoo uliingia jana saa ya chakula, watu wakiwa kantini?"

Nduku alitoa kitambaa mfukoni.

"Ufunguo ukautoa kwenye msumari, ukaurudisha. Lebo ukaikata na makasi, ukailaza vizuri. Mtu mwingine angeirarua. Wewe hata ukiiba unapanga."

Nduku alianza kulia bila sauti. Machozi yalimshuka, naye akayafuta kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne.

"Wanza yuko seli," Mutheu akasema.

"Najua."

"Najua unajua. Ulimpelekea chai. Ulimfunga mume, sasa unamtazama mke akifungwa, halafu unapeleka chai. Kesho ataingia kortini kama mwizi wa mashine uliyoiba wewe. Jaji atamwona, atamwona Kitheka, atasema hawa ni kitu kimoja. Watoto wao wako kwa jirani tangu jana. Hiyo chai ulitia sukari?"

"Inatosha, madam."

"Haijatosha. Iko wapi?"

"Kwa nyumba yangu. Ndani ya ndoo ya unga. Nimeifunga kwa leso." Alivuta pumzi ndefu, na kilichofuata kilitoka kwa mpigo, kama mtu aliyekuwa amebeba gunia akapata mahali pa kulitua. "Sikutaka kuiharibu. Ni mali ya serikali. Nilitaka tu ipite kesho."

Gatimu aliinuka, akachukua ufunguo wa nyumba aliousogeza Nduku mezani, akatoka. Mutheu akavuta karatasi za maelezo upande wake.

"Kwa nini?"

"Afande alituambia paredi kwamba mashine ni nzima. Wengine walifurahi. Mimi niliogopa. Nilijua wataipima kortini na kibomba kipya, kisafi, isome vizuri kabisa. Na Kitheka aitwe mwongo mara ya pili, na huko juu hakuna tena pa kukata rufaa kwa mtu maskini. Nikafikiri, ikipotea, jaji atamwachilia. Atoke tu, aende kwake, na hakuna mtu ataulizwa kitu."

"Na wewe usiulizwe kitu."

"Na mimi nisiulizwe."

"Wanza ulimfikiria?"

"Sikujua watamshika. Walipomshika nilienda mpaka kwa mlango wa afande. Nilisimama hapo. Halafu nikarudi nikachemsha chai."

Mutheu aliandika. Kalamu yake ilikuwa nzito. Alibakiwa na swali moja, na aliliuliza kwa sauti ya chini kuliko yote yaliyotangulia.

"Hakuna aliyekufundisha habari ya spiriti. Titus bado hajui, na ni kijana wa simu na mitandao. Nani alikufungua macho, Nduku?"

Hapo mwanamke yule alifunika uso.

"Ni baba yangu," akasema.

"Baba yako ni nani?"

"Mzee Maundu, wa Kithyoko. Ni mzee wa kanisa. Yeye hajawahi kunywa, madam. Kwetu hata meza ya Bwana tunatumia juisi. Alikuwa anaenda hospitali Machakos na kile kigari chake. Amri ilikuwa kila dereva apulize, na wenzangu walikuwa wanaona, sikutaka waseme nabagua. Nikapangusa kibomba vizuri zaidi hata ya siku zote, kwa sababu ni baba. Nikamwambia, nau, puliza kidogo. Akapuliza huku anacheka."

"Ikashika."

"Ikashika. Ikawa nyekundu, inalia. Yeye aliniangalia tu. Nikacheka, nikamwambia, nau, hii mashine leo imeingiwa na wazimu, wewe enda, usichelewe kwa daktari. Akanibariki, akaenda."

"Lini hiyo?"

Nduku alitoa mikono usoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza alimtazama inspekta moja kwa moja.

"Ile siku ya Kitheka. Gari lililofuata nyuma ya baba lilikuwa pikapu ya maembe."

Mutheu aliacha kuandika.

"Ukapangusa tena."

"Nikapangusa. Akapuliza. Ikashika. Akaniambia, dada, mimi sinywi."

"Na mashine haikuwa na wazimu tena."

"Nilimwambia mashine haidanganyi. Nilimwambia hivyo hivyo. Baada ya kesi nikawa silali. Siku moja nikajifungia kwa nyumba na ile mashine yangu ya kazi, nikajipima na sanitaiza, nikajipima na maji. Nikajua."

"Ungesema siku hiyo, Kitheka angetoka siku hiyo."

"Ningesema, wangeniuliza nilijuaje. Ningetaja baba. Yule mzee anasimama kanisani anasema binti yake ni polisi asiyekula rushwa. Ni kweli, madam, sijawahi kuchukua hata shilingi ya mtu. Sasa aambiwe kwamba alipita kizuizini kwa sababu ni babangu, na mtu aliyekuwa nyuma yake akaenda jela."

"Baba yako ulimwamini."

"Ni baba yangu."

"Na Kitheka?"

"Kitheka nilikuwa simjui," Nduku alisema.

La kuvunda halina ubani. Mutheu alisogeza karatasi mbele yake, akampa kalamu, akamweleza haki zake kama sheria inavyotaka. Akamwambia pia kwamba kesho saa ya kesi wataenda wote Machakos na atayasema haya mbele ya jaji, na kwamba kesi zote za kizuizi kile zitafunguliwa upya, moja baada ya nyingine.

"Na kazi yangu?" Nduku aliuliza.

"Kazi imeenda, dada. Tusidanganyane."

Nduku alitia sahihi. Kisha akavua mkanda na kofia, akaviweka mezani vimenyooka.

Githinji alisoma maelezo yale akiwa amesimama. Alipomaliza alikuwa amekwisha kusahau unene wake na ukubwa wake, na hakusema lolote kuhusu wakili kukunja mafaili. Aliutoa ufunguo wa seli mwenyewe. Mutheu alimwambia aende kwenye simu amzuie Titus kupima mtu mwingine yeyote.

Wanza alitoka akiwa ameshika viatu mkononi. Inspekta alimweleza pale pale koridoni, bila kuzungukazunguka: sanitaiza, kibomba, mashine iliyokuwa nzima wakati wote, na mzee wa Kithyoko aliyepuliza kabla ya mumewe. Alipofika mwisho, Nduku alitolewa kwenye chumba cha mahojiano, kichwa wazi, Gatimu akiwa pembeni yake.

Wanawake hao wawili wakatazamana. Mutheu alijiandaa kuingilia kati, maana mkono wenye kiatu ulikuwa umekaza.

"Baba yako," Wanza akauliza, "hiyo siku alifika hospitali?"

"Alifika."

"Akatibiwa?"

"Akatibiwa, mama."

"Jioni akarudi kwake akala?"

Nduku aliitikia kwa kichwa.

Wanza aliinama, akavaa viatu, akajifunga leso kichwani. "Sisi wetu bado tunamngoja," akasema, akampita kuelekea mlangoni.